Kiti cha Mgeni Rasmi

Kwi. Kwi.

Kulikuwa bado giza pale mshikio wa ndoo ulipolia uani. Halafu maji yakamiminwa kwenye pipa, taratibu, kama mtu anayemiminia mgonjwa uji na hataki kumwamsha. Anyes alifumbua macho akasikiliza. Maji yakaisha, geti la bati likasukumwa polepole, kukawa kimya.

"Muuza maji wa bibi naye hana usingizi," alijisemea, akavuta shuka mpaka kichwani.

Hata yeye mwenyewe usingizi alikuwa hana. Tangu arudi kutoka Nkololo alikuwa analala kama kuku, jicho moja wazi. Simu ikatetemeka chini ya mto. Alijua ni nani kabla hajaitazama.

"Umeamka?"

Hakujibu. Ujumbe wa pili ukaingia.

"Anyes, kile kiti kilikuwa cha heshima."

Vidole vikamshinda, akaandika: "Heshima ya ng'ombe?"

Jibu likaja upesi.

"Ndiyo."

Akaitupa simu miguuni pa kitanda.

Sasa ili umwelewe binti huyu, lazima umjue aliyeandika hayo. Jina lake Ndalahwa, lakini Simiyu nzima walimwita Bwana Mifugo. Alikuwa mchekeshaji, akimuigiza afisa mifugo wa serikali. Alivaa koti la kaki lililofungwa vifungo mpaka shingoni, akashika mkoba wa ngozi uliochakaa, akapanda jukwaani na uso usiocheka hata kidogo. Kasmiri alimpigia gitaa, Milembe akampigia ngoma, na watatu hao walizunguka Mwanhuzi, Shishiyu na popote penye mnada, wakiwatangazia ng'ombe mambo yao kwa nyimbo.

*Ng'ombe wa Meatu, kikao ni saa nne,*
*Mje mmeshakula, posho haipo.*

Watu walilia kwa kucheka. Yeye alisimama pale kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Mbele kabisa, kwenye safu ya wakubwa, palikuwa na kiti kimoja kilichofunikwa kitambaa cheupe, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia.

"Ndugu wananchi," angesema, "mgeni rasmi wetu, Mheshimiwa Ng'ombe, amechelewa. Mara ya mwisho alionekana kwenye dengu za watu. Tumsubiri."

Na onyesho lote walimsubiri.

Anyes hakuwa mtu wa huko. Kwao ni Muleba, mkoa wa Kagera, kwenye migomba. Alipangiwa kazi ya uuguzi Bariadi, na alikuwa mgeni hata wa mitaa siku Ndalahwa alipoingia kwenye kituo cha afya akiwa ameshika koo.

"Naumwa," alisema, na foleni nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja alicheka mpaka mtoto akamponyoka mgongoni.

Anyes hakucheka. Hakumjua. Alimkalisha, akamwambia afungue kinywa, akaona koo limevimba, jekundu.

"Pole sana kaka. Linakuuma tangu lini?"

Ndalahwa akafumba kinywa.

"Dada, wewe ni mtu wa kwanza kuniamini tangu mwaka juzi."

Hapo ndipo walipoanzia. Akawa anakuja kumsalimia, kisha wakawa wanatembea pamoja jioni, kisha ikawa asipokuja jioni inakuwa ndefu. Lakini maneno ya mapenzi yakitoka kwenye uso ule, Anyes alikuwa hajui ayashike wapi. "Nimekukumbuka," Ndalahwa angesema, kwa sauti ileile ya kuwatangazia ng'ombe chanjo. Je, ni kweli hiyo, au ni kazi?

Ndipo ikaja siku ya Nkololo. Uwanja umejaa, Anyes amesimama pembeni na mwavuli wake. Katikati ya wimbo Ndalahwa akanyamazisha gitaa.

"Ndugu wananchi, na ng'ombe mliopo. Mgeni rasmi amefika. Yule pale mwenye mwavuli. Namwomba aje akae kwenye kiti chake, na akishakaa asiondoke tena. Nataka kumuoa."

Uwanja ukalipuka. Watu walipiga vigelegele na kugaragara chini. Walimsukuma Anyes mpaka akajikuta amekalishwa kwenye kiti cheupe, na sauti moja ikatoka nyuma:

"Huyo ni wa ng'ombe wangapi?"

Alimtazama Ndalahwa. Uso ule haukuwa na kitu. Akainuka, akaacha mwavuli wake palepale, akapanda bodaboda ya kwanza kurudi Bariadi huku analia.

Asubuhi hiyo sasa alitoka uani kunawa. Pipa limejaa pomoni. Bibi Nyanjige, mwenye nyumba wake, alikuwa ameinama kwenye jiko la mkaa, anakoroga uji.

"Mwangaluka, bibi."

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Macho hayo yamevimba kama yameumwa na nyuki. Kaa unywe."

Hajamaliza kukaa, simu ikaita. Ni baba yake, Mzee Laurean.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ile nafasi ya kituo cha afya huku nyumbani imekubaliwa. Jumatatu unatakiwa ujibu."

Uhamisho huo Anyes aliuomba mwenyewe, kabla hajaliona koo la mtu.

"Upo?"

"Nipo baba."

"Nakuja kukuchukua."

"Baba, mimi si mzigo wa kufuatwa."

"Ndiyo maana nakuja na begi tupu," mzee alisema, akakata simu. Na yeye hakuwa mtu wa kucheka.

Bibi Nyanjige akamsogezea bakuli.

"Unakwenda?"

"Nibaki nifanye nini, bibi? Niwe kichekesho cha minadani?"

"Alikwambiaje yule kijana? Nataka nisikie maneno yake, machozi yako nimeshayaona."

Anyes akayarudia yote. Bibi alisikiliza huku anafuta ukingo wa sufuria kwa kidole.

"Mjukuu wangu, hapa kwetu mwanaume akiwa na neno la kweli hulipeleka uwanjani. Analisema mbele ya watu wote, ili kesho akitaka kulikana, kila anayepita amwambie, tulikusikia. Na kile kiti, tangu aanze kazi hii hajawahi kumkalisha mtu mwingine. Mkuu mmoja alitaka kukikalia pale Shishiyu, Ndalahwa akamwambia, samahani mzee, wewe hujafikia."

"Lakini ni kiti cha ng'ombe, bibi!"

"Sasa kwa Msukuma kuna mkubwa gani kuliko ng'ombe?"

Anyes alitaka kucheka, akajizuia.

"Kwetu neno la ndoa husemwa ndani," akasema. "Anakuja mshenga, anaongea kwa sauti ya chini, mnatafuna buni, punje za kahawa, pamoja. Ukilitamka barabarani umemtukana binti na baba yake."

"Kumbe."

"Ndiyo hivyo, bibi."

"Na yeye hilo ulimwambia?"

Anyes alikuwa hajamwambia.

Bibi akasimama. Alifunga kitenge chake vizuri, akazunguka nyuma ya nyumba na simu yake ya vitufe. Lakini wazee wanavyoongea na simu mnawajua. Mtaa mzima ulisikia.

"Haloo! Ndalahwa! Usiniamkie, sina nafasi! ... Nisikilize! Baba yake anakuja! ... Baba! Wa huko Kagera! ... Utakuja mchana, siyo na gitaa! ... Mlete Kasmiri aongee! ... Na hilo koti liache! Nimesema liache!"

Anyes alijificha uso ndani ya bakuli la uji.

Mzee Laurean alifika Ijumaa alasiri, baada ya kulala Mwanza. Alikuwa mrefu, amevaa koti na kofia pamoja na jua lile, mkononi mkungu wa ndizi, mfuko wa buni, na begi tupu kweli. Yeye na Anyes wakiwa kwenye bajaji kutoka stendi, wakapishana na pikipiki yenye spika.

"Jumapili, Jumapili! Bwana Mifugo ndani ya Bariadi! Ng'ombe bure, watu kwa kiingilio!"

Mzee akaisindikiza kwa macho.

"Huyo ni mtumishi wa serikali?"

"Hapana baba. Ni mchekeshaji."

"Anamchekesha nani?"

"Watu. Kwa habari za ng'ombe."

"Na ng'ombe wanacheka?"

"Sijui, baba."

"Ungeuliza," alisema mzee, akatazama mbele. Anyes akamgeukia. Ilikuwa vigumu kujua. Maisha yake yote na mzee huyu ilikuwa vigumu kujua.

Usiku Anyes akamweleza kila kitu, mpaka kiti. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho, na mwisho akasema tu, "Aje nimwone."

Jumamosi Anyes aliamka jua limeshachomoza, kitu ambacho hakijawahi kumtokea. Baba yake alikuwa ameketi uani, ameshanawa, kofia kichwani. Pipa limejaa. Kwenye sahani palikuwa na maganda ya ndizi.

"Umeamka mapema, baba."

"Wazee hatulali. Tunapumzisha mgongo."

Mchana Kasmiri akabisha hodi. Nyuma yake aliingia Ndalahwa, bila koti. Amevaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikunjo inakata, na mkononi ameshika mwavuli wa Anyes, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Alipofika mbele ya mzee akainama akamwamkia, akakaa kwenye mkeka. Uso ni uleule.

Bibi Nyanjige akapitisha buni kwenye kibakuli kidogo. Kila mtu akachukua, akatafuna. Kasmiri hakuwahi kutafuna kahawa maishani mwake. Macho yakamtoka, lakini alikuwa ametumwa kuongea, akaongea.

"Mzee wetu, sisi tulikuwa tunapita njia, tukaona katika boma hili pana ua zuri..."

"Ua lipi?" Mzee Laurean aliuliza. "Mimi nimeona mpapai."

"Ni ua la mfano, mzee."

"Aa. Endelea."

"Basi huyu ndugu yangu, alipoliona hilo ua, yaani huo..."

"Mpapai."

Kasmiri akameza buni nzima. Bibi Nyanjige alijifunika mdomo kwa kitenge. Anyes, aliyekaa karibu na mlango, aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Mwache mwenzako aseme," mzee alisema. "Kijana, nimeambiwa ulimkalisha binti yangu kwenye kiti cha ng'ombe."

"Ndiyo, baba."

"Mbele za watu."

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

Ndalahwa alijibu huku anautazama mkeka.

"Baba, kiti kile nimekibeba mwenyewe kwenye pikipiki, mnada hadi mnada. Nikiwaambia watu kwamba mgeni hajafika, wao wanacheka, lakini kwangu ni kweli. Hajafika. Siku ile nilimwona amesimama na mwavuli, nikaona amefika. Nikasema mbele ya watu ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Sikujua kwamba kwenu ni matusi. Na sikufikiri kwamba watacheka. Nimewachekesha miaka mingi, baba, mpaka nikisema naumwa hawaniamini. Yeye aliniamini. Sasa hata yeye nimemharibu."

Hakuna aliyecheka. Gari lilipita barabarani, likaenda zake.

Mzee Laurean akavua kofia, akaiweka gotini.

"Nina swali moja tu."

"Naam, baba."

"Siku hiyo binti yangu alipokaa kwenye kiti, ng'ombe alikaa wapi?"

Kasmiri akaganda. Bibi akaganda. Ndalahwa akainua uso, akamtazama mzee. Uso kwa uso, hakuna aliyepepesa.

"Alisimama, baba."

"Mgeni rasmi? Asimame?"

"Viti vilikuwa vimekwisha."

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Ndiyo maana shughuli iliharibika."

Kwanza mdomo wa Ndalahwa ulicheza upande mmoja. Kisha mabega. Halafu kikamtoka, kicheko chembamba cha juu, ambacho hakufanana nacho kabisa.

"Kwi! Kwi-kwi-kwi!"

Alijiangusha ubavu kwenye mkeka, machozi yanamtoka, meno yote nje, na katikati ya meno pana mwanya ambao Anyes alikuwa hajawahi kuuona vizuri. Kasmiri, aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo, alikimbilia mlangoni akapaza sauti kama kuna moto:

"Milembe! Njoo uone! Anacheka!"

Milembe, aliyekuwa anasubiri nje na pikipiki, alikuja mbio akakuta ni kweli. Mzee Laurean yeye alibaki vilevile, anachagua buni nyingine.

"Huyu mtu anacheka vizuri," alimwambia Bibi Nyanjige. "Asubuhi hakucheka."

"Asubuhi ipi, baba?" Anyes aliuliza.

"Nilikuwa uani kabla hakujapambazuka. Akaingia na ndoo za maji. Nilidhani ni muuza maji, nikampa ndizi."

"Akaila?"

"Mbili. Akasema ahsante mzee, akaendelea kujaza."

Anyes akamgeukia Bibi Nyanjige. Bibi akaangalia darini.

"Bibi! Si uliniambia ni muuza maji wako?"

"Nilisema ni mtu wa maji. Uliongezea mwenyewe," bibi alijibu. "Ulikuwa unanung'unika kwamba unaamka usiku kupanga foleni bombani, halafu unakwenda kusimama wodini mchana kutwa. Aliyekusikia hakuwa mimi peke yangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kutofunga geti."

"Hata baada ya Nkololo?"

"Baada ya Nkololo alikuja mapema zaidi, ili usimwone."

Anyes aliinuka akatoka nje. Akasimama kando ya pipa, akaweka kiganja juu ya maji. Nyuma yake akasikia hatua, zikasimama mbali kidogo, kwa adabu.

"Mwavuli wako," Ndalahwa alisema.

"Niliuona."

"Ubavu mmoja ulikuwa umevunjika. Nimeupeleka kwa fundi."

Anyes akageuka. Uso ulikuwa umesharudi mahali pake, mtulivu, umenyooka. Lakini safari hii alijua kilichokuwa nyuma ya uso ule, kama unavyojua chumba ulichowahi kuingia hata mlango ukiwa umefungwa.

"Sema tena," alimwambia. "Kwa sauti ya chini. Kama kwetu."

Ndalahwa akasogea.

"Anyes, usiondoke. Nataka tuishi pamoja tuzeeke. Maji nitaleta."

"Nimesikia."

"Unaamini?"

"Naamini." Akamshika mkono uliokuwa na sugu za ndoo. "Lakini kile kiti sikikalii tena."

"Hapana. Mwenyewe ameshalalamika."

Walirudi ndani wakiwa wameshikana, wakaachana mlangoni kwa heshima ya mzee. Anyes akapiga goti mbele ya baba yake.

"Baba, Jumatatu nitawajibu kwamba nabaki."

Mzee Laurean akamwekea mkono kichwani. Halafu akatazama lile begi lililokuwa limekunjwa pembeni.

"Nimesafiri siku mbili na begi tupu. Sasa nitarudi na nini?"

"Dengu!" Bibi Nyanjige aliruka, na kabla mtu hajamzuia alikuwa ameshaingia stoo.

Jumapili mzee alihudhuria onyesho. Aliketi safu ya mbele, jirani na kiti cheupe, na mwanzo hadi mwisho hakucheka. Katikati ya wimbo wa pili alivua kofia yake, akaiweka juu ya kiti kile, kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi. Bwana Mifugo alishindwa kuendelea. Ilibidi Kasmiri apige gitaa peke yake mpaka kicheko kimwishie mwenzake. Watu wa Bariadi wanalisimulia mpaka leo.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, wakafunga ndoa Muleba. Bibi Nyanjige alisafiri na kina Kasmiri, na kwa mara ya kwanza maishani aliliona ziwa. Mshenga aliongea ndani kwa sauti ya chini, kisha nje ngoma ya Milembe ikapigwa mpaka migomba ikatikisika, kwa hiyo kila upande ulipata haki yake.

Siku ya kuondoka, Mzee Laurean aliwasindikiza mpaka barabarani. Alikuwa ameshika kamba, na mwishoni mwa kamba yuko ng'ombe wake mmoja, mwekundu, anatafuna.

"Kwaheri baba," Anyes alisema kutoka dirishani mwa basi. "Ubaki salama."

"Nendeni salama."

Basi likawashwa. Mzee hakuondoka. Akalisogelea dirisha.

"Ng'ombe anauliza mtakuja tena lini."

Ndalahwa akainamia dirisha, uso umenyooka.

"Ameuliza yeye, baba?"

"Yeye. Mimi sijauliza kitu."

"Mwambie hatutakawia."

Mzee akamtazama ng'ombe, akawatazama wao. Akavua kofia.

"Msikawie," alisema. "Hapendi kukaa peke yake. Mje tena."